Mstari wa Chungu

Simu huita saa sita usiku, hapa Caaguazú.
Kwake Málaga ni alfajiri, bado hajamwamsha
yule bibi wa watu anayemwogesha
na kumlisha kwa kijiko.
Swali la kwanza halinihusu.
"Kabichi zimefunga?"
Zimefunga, nasema. Vichwa kama ngumi za mtoto.

Nimesimama bustanini, tochi kwapani,
na kabichi hakuna. Kuna vijiti.

Juzi nilizihesabu: arobaini na moja.
Jana ishirini. Leo nawahesabu wabebaji,
kila mmoja na kipande cha kijani wima mgongoni
kama mtu aliyesahau kufunga mwavuli
mvua ilipokatika.
Wanapita chini ya waya, kando ya banda la kuku,
hawana haraka, hawana aibu,
mpaka kwenye kichuguu cha udongo mwekundu.
Haba na haba, kibaba changu kinahama.

Si kwamba nimelala.
Niliwamwagia majivu: wakayazunguka.
Maganda ya machenza: wakayabeba.
Nikachemsha chungu cha maji niwamwagie chungu;
chungu kikapasuka, chungu wakazidi,
kidole changu cha mguu kikatoa malengelenge.
Ña Librada, akinyonya tereré yake juu ya ua,
akasema, "Wape mchele mlangoni kwao. Watashughulika."
Vikombe viwili! Wakaumaliza kabla ya mwezi kuzama,
wakarudi kwenye saladi
kama wageni waliokwisha kula kitafunio.
Kijana wa duka la pembejeo akaniuzia punje za waridi
ndani ya karatasi. "Kuku wasizione," akasema.
Ziko juu ya kabati. Ninao kuku tisa.

Jumapili nikashika jembe.
Nilichimba hadi kiunoni, nikitafuta ghala,
kabichi zangu zote zimepangwa humo, nilidhani,
na mimi nikizidai moja moja.
Nikatoboa chumba cha duara, kama kichwa cha ndama,
na ndani yake kitu cha kijivu, chepesi,
mfano wa mkate uliolowa.
Uyoga.
Majani hawayali. Wanayatafuna, wanayatandika,
wanapanda juu yake.
Na wale wadogo kabisa, wadogo kuliko punje ya chumvi,
walikuwa wakipita humo wakipalilia
magugu ambayo macho yangu hayakuyaona.

Nikakaa ukingoni, miguu shimoni.
Miaka thelathini nimenyoosha magurudumu ya baiskeli.
Kupalilia sijui. Bustani ni yake.
Wao wakapanda suruali, wakaanza kukata soksi.

Usiku ule nikasema kweli.
Nikageuza simu, nikamulika vijiti vyote arobaini na kimoja.
Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, ng'ambo kule.
Halafu akacheka,
kicheko nilichokiacha uwanja wa ndege.

"Abundio, na matawi?"
Matawi gani?
"Ya mchungwa mchungu. Kila Jumamosi
nilikuwa nawawekea nyuma ya banda, njiani kwao.
Miaka kumi na tisa. Wewe ulidhani nafanya nini?"

Nilidhani unatupa takataka.

Leo ni Jumatatu, lakini nimeegemeza ngazi.
Mti una miiba; hilo pia sikuwa nalijua.
Naburuta tawi la kwanza hadi nyuma ya banda,
nalisogeza kulia, nalirudisha.
Ni wapi hasa, hakusema, na kule sasa anamwogesha bibi.

Chungu mmoja anakuja.
Anapapasa jani, anapapasa kidole changu,
anageuka, anakwenda zake mikono mitupu.

Kuku wanapiga kelele, sijawalisha.
Nachuchumaa palepale.